Tafiti za usalama wa ndege hazipimwi kwa kuhesabu ajali tu

Ndugu, umeuliza kama ajali za ndege kupungua kunatosha kuthibitisha kwamba utafiti wa serikali kuhusu usalama wa ndege umefanya kazi. Hapana, hakutoshi. Ajali kubwa za ndege ni chache mno, mwaka mzuri unaweza kuwa bahati. Angalia kama matokeo yamemfikia rubani. Chukua mfano wa Marekani: ajali ya ndege ya abiria Delta 191 ya Dallas, 1985, iliyosababishwa na upepo unaogeuka ghafla, iliua watu 137. NASA, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa anga, wakaingiza Boeing 737 yao kwenye dhoruba makusudi kupima vitambuzi vya upepo huo, ikiwemo rada ya ndani ya ndege. Mwaka 1994 rada hiyo ikaanza kazi kwenye ndege za abiria. Sisi wa Mbeya tunaosubiri ukungu uondoke pale uwanja wa ndege wa Songwe tunajua uzito wa hali ya hewa kwa safari za ndege. Ila mafunzo ya marubani na rada za viwanjani navyo vilichangia kupunguza ajali za aina hiyo.