Mwanangu kapangiwa mkopo wa nusu ada tu

SWALI: Anti habari za kazi. Mie mjane nauza vitumbua Ngamiani, Tanga. Mwanangu kafaulu fomu siksi shule ya kata, chuo kapata ila mkopo kapangiwa nusu ada tu. Huko nchi za wenzetu nako mtoto wa maskini anahangaika hivi?

JIBU: Pole sana mama'angu, na hongera kwa kijana. Kuhangaika kupo kila mahali, tofauti ni nchi inaamua nini. Ujerumani vyuo vya serikali vingi havitozi ada, kodi ya chumba na chakula ndo mzigo. Uingereza mwaka 2012 ada ilipanda hadi pauni 9,000, wengi wanakopa halafu wanalipa kipato kikifika kiwango fulani. Mi Brazili ndo wananigusa, sheria yao ya 2012 inatenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho, yaani vya serikali kuu, kwa waliosoma sekondari ya juu shule za umma, yaani watoto kama wako, maana mtihani ni mmoja lakini mwingine kasoma na tyusheni mwingine kasoma anasaidia biashara jioni. Sasa mama, dirisha la rufaa ya mkopo likifunguliwa asikose, na cheti cha kifo cha baba kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wengi wanakwama hapo.