Beberu wangu ana korodani moja, nimpandishe?

SWALI: Habari za kazi daktari. Nina beberu wa miezi 9, ana mwili kweli, ila ukimpapasa mfukoni unakuta korodani moja tu, ya pili sijawahi kuiona tangu azaliwe. Majike anawapanda vizuri na jirani anataka nimwazime. Atazalisha kweli? Halafu mwanangu kanikomalia, anasema mbona tembo hana kinachoning'inia na bado anazaa. Msomaji, Singida.

JIBU: Nzuri tu ndugu yangu. Kuzalisha atazalisha, na hapo ndo tatizo.

Iko hivi, korodani hazitengenezwi pale unapoziona, zinaanzia juu huko tumboni karibu na figo mtoto akiwa bado kwenye mimba, zinashuka mdogo mdogo zinapita kinjia cha kinenani mpaka mfukoni, na mbuzi kwa kawaida anazaliwa zimeshafika. Ya huyo wako imegoma njiani. Sasa mbegu hazitaki joto, mwili wa mbuzi uko nyuzi 39 hivi na korodani inataka pungufu ya hapo kwa nyuzi kama 4, ndo maana ikawekwa nje, tena juu yake kuna mishipa imejisokota, damu inayorudi ikiwa imepoa inaipoza ile inayoshuka, na kukiwa na baridi msuli unaivuta juu unaona mfuko umejikunyata. Iliyobaki tumboni joto linaizidi, mbegu haitoi. Ila homoni ya udume inatoa, kwa hiyo harufu ipo, fujo zipo, kupanda ndo usiseme.

Hiyo moja ya chini inatosha kabisa kumpa jike mimba, lakini kasoro hii mara nyingi ni ya kurithi na hata watoto wake majike wanaibeba bila wewe kuona kitu, baadae inaibukia kwa wajukuu. Jirani mwambie hapana.

Kumhasi? Burdizo, lile koleo la kuhasia, itabana iliyoko chini tu, unabaki na mbuzi asiyezalisha ila tabia zote za beberu anazo, na ile ya ndani mpaka daktari wa mifugo apasue. Mimi ningemchinja mapema kabla nyama haijaanza kunuka ubeberu.

Mtoto yuko sahihi, mpe hongera. Tembo zake zinakaa ndani karibu na figo maisha yote, na pimbi, hao hao mnaowaona kwenye mawe hapo kwenu, ni ndugu yake tembo na yeye hivyo hivyo. Pomboo pia ziko ndani, ila damu iliyopoa kwenye pezi la mgongoni na mkia inapitishwa pale kuzipoza. Mbuzi hajaumbiwa hivyo.

Ukienda kununua beberu mwingine usiangalie pembe, shika mfuko kwa mikono miwili: ziwe mbili, zinalingana, ngumu kiasi, zinateleza juu na chini, na chini kabisa ya kila moja usikie kinundu, mbegu zinatunzwa hapo.