Nilisali na Wamoraviani Wodini: Je, Nikaungame?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni Mkatoliki, naishi Mbeya. Nilimuuguza mwanangu hospitalini kwa muda mrefu. Kila jioni, wageni wakishaondoka, sisi akina mama wa wodi ya watoto tulikuwa tunasali pamoja: Wamoraviani, Walutheri, wa TAG (Tanzania Assemblies of God) na mimi. Usiku mmoja mama wa kitanda cha jirani, Mmoraviani, alifiwa na mtoto wake. Tulimzunguka tukaimba mpaka walipokuja kumchukua marehemu. Sijawahi kumsikia Mungu karibu vile, hata kwenye Misa. Jumapili moja mchungaji wao alileta Meza ya Bwana pale wodini, mimi nikabaki nimekaa huku nalia. Niliporudi nyumbani, kiongozi wa jumuiya yetu akasema nimesali na madhehebu, nikaungame. Je, nimetenda dhambi? Na kama kweli Mungu alikuwa pale, mbona hatukuweza kula pamoja?

JIBU: Milele na milele, amina. Pole kwa kuuguza, Mama, na mpe pole mwenzako aliyefiwa.

Hukutenda dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umoja wa Wakristo ya tarehe 21 Novemba 1964, unasema kwamba Wakatoliki kusali pamoja na ndugu waliotengana nao si jambo la kuruhusiwa tu katika nafasi fulani, bali ni la kutamaniwa. Kwa hiyo usiende kuungama sala. Ukienda kitubio, peleka mengine. Sote tunayo ya kutosha.

Soma Hesabu sura ya 11. Wazee sabini wa Israeli waliitwa kwenye Hema la Kukutania, Roho akawashukia. Lakini wawili, Eldadi na Medadi, walibaki kambini, kwenye moshi wa vyakula na vilio vya watoto, nao wakatabiri hukohuko. Kijana mmoja akakimbia kumwambia Musa, na Yoshua akasema, wakataze! Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bidii ya nyumba ya Mungu, kama huyo kiongozi wenu. Musa hakuwakataza. Akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Ona kwamba Musa hakulivunja Hema kwa sababu Roho alikuwa kambini. Hema lilibaki mahali pake, na kambini Mungu alikuwa kweli.

Hapo ndipo penye jibu la hilo uliloniandikia kwa woga, kwamba ulimsikia Mungu karibu kuliko kwenye Misa. Usijilaumu, wala usijenge imani yako juu ya hisia hiyo. Kwenye Ekaristi Bwana yupo hata siku unayosinzia wakati wa mahubiri (na sisi mapadre tunachangia usingizi huo). Wodini alikuwepo kwa sababu aliahidi: “Kwa kuwa walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao.” Hakusema wawili watatu wa parokia moja. Wale akina mama waliobatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wana ubatizo uleule ulio nao wewe. Mmoraviani akija kujiunga nasi leo, hatumbatizi upya. Basi usiku ule hukuwa na wageni. Ulikuwa na dada zako.

Huenda umewahi kwenda Namugongo, kule Uganda, au umesikia waliokwenda kuhiji tarehe 3 Juni. Wengi wetu tunamjua Karoli Lwanga na wenzake, lakini jambo moja hatulisemi sana: siku ile ya mwaka 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwachoma moto pamoja Wakatoliki na Waanglikana. Mapadre na wamisionari waliowafundisha vijana wale walikuwa wakibishana hadharani mbele ya Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kuwa mpotevu. Wanafunzi wao wakakaa wamefungwa karibu wiki nzima wakingoja kuni zikusanywe, kisha wakafa kwa jina moja. Kabaka hakuwauliza dhehebu.

Na mwendelezo wake ni mchungu. Tarehe 24 Januari 1892, haijatimia hata miaka sita, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita pale Mengo, Kapteni Lugard, Mwingereza, akiwa upande wa Waprotestanti na bunduki zake. Vyama vyao viliitwa vya Wafaransa na vya Waingereza, ukabaki kujiuliza Kristo alikuwa wa chama gani. Nadhani waliopigana walikuwemo waliowafahamu mashahidi kwa majina. Neema waliyopewa wenzao motoni, wao hawakuitunza walipokuwa na ardhi na vyeo vya kugombea. Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale Wakatoliki 22, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliouawa kwa jina la Kristo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alianzia kwenye madhabahu ya Waanglikana pale Namugongo, ndipo akaenda ya Wakatoliki kuadhimisha Misa.

Sasa Meza ya Bwana. Ulifanya sawa kutopokea. Kwetu kupokea ni kukiri ushirika kamili wa imani na wa Kanisa, na ushirika huo haujakamilika bado. Sitakufariji kwa kusema tofauti hizo ni ndogo. Tunatofautiana juu ya daraja takatifu (yaani upadre na uaskofu) na juu ya Ekaristi yenyewe, na wanateolojia wa pande zote wanalijua hilo. Ila machozi yako pale kitini yalikuwa sala, na huenda ndiyo sala ya umoja iliyo ya kweli kuliko nyingi tunazosoma kila mwaka katika juma la tarehe 18 hadi 25 Januari. Ninayemwogopa ni Mkristo anayebaki amekaa na haumii.

Kuhusu kiongozi wa jumuiya, usimpelekee jibu hili kama hati ya mahakama. Mwombe akusindikize kwa yule mama aliyefiwa. Mwende na wanajumuiya wengine, na mchango wa rambirambi kama mnavyofanya kwa wafiwa wenu. Mkifika, mwachieni mwenyeji aongoze sala kwa desturi ya kwao. Kwenye Baba Yetu mtapishana kidogo: ninyi mtaishia “utuopoe maovuni”, wao wataendelea na “kwa kuwa ufalme ni wako”. Wasubirini wamalize, kisha itikieni amina.