Maswali na Majibu: Umechelewa Tena?

Wiki hii barua karibu zote zinahusu saa. Nimechukua tano.

Anti, naishi Rongai na kazi yangu iko Upper Hill, Nairobi. Tunaanza saa mbili asubuhi. Nimejaribu kuamka saa kumi na moja, nikajaribu saa kumi na nusu, bado naingia saa mbili na robo. Bosi ameshanipa barua ya onyo. Niamke saa ngapi jamani?

Usiongeze kengele nyingine. Ukiamka mapema bila kujua muda wako unaliwa wapi, utaliwa palepale, tena ukiwa na usingizi.

Nikikuuliza Rongai hadi kazini ni muda gani, nadhani utajibu "kama saa moja hivi." Hiyo ni siku ya likizo ya shule, barabara tupu, gari limekukuta stejini likibakisha kiti kimoja. Siku hiyo ndiyo umeifanya kipimo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandikia udhaifu huu mwaka 1979: mtu akipanga jambo, hulitazama litakavyokwenda likinyooka, wala hajiulizi mara zilizopita lilimchukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliulizwa watamaliza tasnifu zao baada ya muda gani. Kwa wastani walikisia siku 34. Wakatumia zaidi ya 55. Na hao hawakupita Magadi Road, barabara yako ya kila asubuhi.

Basi wiki moja ya kazi andika kwenye simu nyakati nne tu: ulipofunga mlango, gari lilipong'oka stejini, uliposhuka, na ulipoketi kwenye meza yako. Nakisia utakuta dakika nyingi zimekwisha kabla gurudumu halijazunguka: kutembea hadi stejini, kungoja gari lijae, abiria na makanga wakibishania nauli iliyopanda kwa sababu ya manyunyu. Halafu kuna ule mwendo wa miguu kutoka steji ya Railways, kujiandikisha kwa askari wa langoni, foleni ya lifti. Hayo yote ni safari, ila wewe hukuwahi kuyahesabu.

Ukishapata nyakati hizo usitafute wastani. Anayepanga kwa wastani atachelewa karibu nusu ya siku zake. Panga kwa ile siku mbaya kuliko zote, na misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ongeza tena.

Utalalamika kwamba siku nzuri utafika mapema mno. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wachelewaji wengi ninaowajua si wavivu. Wanachoogopa ni kufika mapema. Dakika ishirini za kukaa bure wanaziona hasara, ndiyo maana mtu ameshavaa viatu anasema, "Ngoja nioshe hivi vikombe kwanza." Acha vikombe. Jipe la kufanya ukifika: chai, gazeti, kumpigia mama simu.

Nimechelewa mara tatu mwezi huu. Mwajiri anaweza kunifuta papo hapo? (Embakasi)

Kihalali, si bila kukusikiliza. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri anayetaka kukuachisha kwa sababu ya mwenendo au utendaji kazi akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ila ukiitwa usilete hadithi ya jam. Hata yeye ameipita asubuhi hiyo.

Chama chetu cha kuchangiana pesa hapa Umoja hukutana Jumapili saa nane, watu wanaingia saa tisa na nusu. Mwenyekiti anataka tuwe tunatangaza saa saba. Wewe waonaje?

Itafanya kazi mara mbili. Mara ya tatu kila mtu atakuwa ameshajua saa saba maana yake ni nane, na wale wachache waaminifu watakuwa wameketi kwenye viti vya plastiki saa nzima wakiwalaani. Kila mkichelewa kwa pamoja, anayeadhibiwa ni aliyewahi.

Geuzeni utaratibu. Jambo ambalo kila mtu analitaka liwe la kwanza. Kama mnapiga kura ya nani apokee mzunguko, ipigwe saa nane na dakika kumi, na asiyekuwepo jina lake lisubiri mwezi ujao. Faini nayo ni nzuri ikiwa ndogo na inalipwa papo hapo kwa M-Pesa. Faini ya kuandikwa daftarini huishia kusamehewa Desemba. Na chakula kisingoje mtu.

Tangu utotoni sijui muda. Naingia kuoga, natoka saa nzima imepita na sikuhisi. Nasahau, napoteza vitu, simalizi kazi. Watu wanasema ni dharau.

Huenda si dharau. Kuna hali ya upungufu wa umakini ambayo huanza utotoni na kwa wengi huendelea ukubwani, na kutohisi muda ukipita ni mojawapo ya mambo ambayo wenye hali hiyo hulalamikia. Mimi siwezi kukupima kwa barua. Muone daktari wa afya ya akili. Wakati unangoja, weka saa ya ukutani bafuni na jikoni, mahali macho yanapoiona bila kuitafuta. Usitumie simu, utaishika kuangalia saa na kujikuta TikTok.

Rafiki yangu hunitumia "niko njiani, niko hapo Nyayo" na nyuma nasikia kuku wa kwao. Nimfanyeje?

Mngojee dakika kumi na tano, kisha agiza, ule, ulipe chako na uende zako. Bila kununa, bila ujumbe mrefu. Akipiga simu kuuliza uko wapi, mwambie ukweli: umeshapanda gari la kurudi.