Ulikuwa unapenda, au ulikuwa huna jinsi?

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku Tanga sote wazima, ila joto ndilo linatunyanyasa.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, hivi ulikuwa unapenda kupika kweli, au ulikuwa huna jinsi?" Ukasema ukitoka kazini huko Dodoma saa moja usiku hutaki hata kuliona jiko, mnanunua chipsi mayai, kisha unalala roho ikikusuta. Kwenye simu ningekujibu "napenda" tukahamia kwenye habari za wajukuu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanzo sikupenda. Niliolewa mwaka 1982, na bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa hataki mtu aguse sufuria zake. Nikaingia nyumba ya watu nikijua chai na ugali basi. Siku ya kwanza kukabidhiwa jiko pale Ngamiani nilipika wali wa watu kumi na mmoja, ukawa bokoboko. Mama mkwe hakusema neno. Alikula, akanawa, akasema "ahsante mwanangu". Wifi yangu ndiye aliyeuliza kama ndani kuna mgonjwa. Mwaka mzima baada ya hapo nilipika kwa woga, naonja, naongeza chumvi, naonja tena, mpaka mboga inakuwa maji ya bahari.

Halafu kulikuwa na ile dhiki. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 lakini maduka yalikuwa bado matupu. Sukari ya mgao, sabuni ya foleni. Unga tuliopata ni wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao mpaka leo nikikumbuka harufu yake tumbo linasokota. Mafuta ya kupikia ndiyo usiseme. Lakini nazi tulikuwa nazo, zinatoka shambani kwa babu yako Pangani, magunia kwa magunia. Basi mama mkwe akanikalisha kwenye mbuzi ya nazi akaanza kunifundisha upya, kama mtoto.

Nilidhani najua kukuna. Kumbe nilikuwa nachimba. Nazi huzungushwa taratibu, unakwangua nyama nyeupe, ukiona weusi wa ganda unaanza kuchanganyika unaacha. Machicha unayatia maji ya vuguvugu kidogo tu, unayafikicha, unayakamua kwenye kifumbu. Hilo ni tui zito, liweke pembeni, lifunike, usiliguse. Ndipo unarudia na maji mengi zaidi upate tui la pili. Tui la pili ndilo linalochemka na kufanya kazi ngumu. Tui zito huingia mwishoni. Mimi nilikuwa nalichanganya lote tangu mwanzo, naliacha linachemka linakatika, mafuta juu maji chini, halafu nalaumu mkaa.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa kisamvu. Nimekitwanga kwenye kinu tangu adhuhuri, nimekichemsha muda mrefu maana majani ya muhogo yana sumu yasipoiva, nimekiweka kwenye tui la pili na kitunguu kimoja, kwa sababu kimoja ndicho kilichokuwepo. Jua linazama. Nikamimina tui zito nikaanza kukoroga, mwiko haupumziki, makaa nimeyapunguza. Kikaanza kuwa kizito, kikabadilika rangi, kikatoa ile harufu unayoijua wewe. Mara adhana ya magharibi ikaniamsha, nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimewaza nani atakula, wala wifi atasema nini. Nilikuwa nakitazama kisamvu tu. Nikaonja mara moja. Sikuongeza kitu.

Hapo ndipo nilipopenda, mwanangu. Hata sifa walizonipa usiku ule sizikumbuki vizuri.

Ila usije ukadhani nilipenda kila kitu kilichopita jikoni kwangu. Maandazi, kwa mfano, sikuyapenda hata siku moja. Kuamka saa kumi usiku kukanda unga, moshi machoni, kuwapanga wateja mlangoni: ile ilikuwa ada yenu ya sekondari, na ulipomaliza wewe kitinda mimba niliigawa ile karai siku ileile. Nyinyi mlidhani maandazi ndiyo raha yangu kwa kuwa nilikuwa naimba. Nilikuwa naimba nisisinzie.

Kwa hiyo jibu lako ni yote mawili. Sikuwa na jinsi, na nilipenda, na havikuwa sufuria moja.

Chipsi mayai kula, nani kakukataza? Na mwenzio naye ana mikono. Nilimwona Idi kubwa iliyopita akimchuna mbuzi peke yake. Mbuzi ya nazi itamshindaje? Tui la pakiti nalo si haramu, nimelijaribu, kwa maharage linafaa. Kwa kisamvu halifai, na hapo sibishani na mtu. Ukipata Jumapili moja usiyodaiwa na mtu, usipike kwa ajili ya wageni, wala ya mumeo, wala ya kunipigia picha mimi. Chagua kitu kimoja unachotamani kukiona kinaiva, ukae nacho.

Siku hizi niko peke yangu napima kibaba kimoja cha mchele, na bado napalia makaa juu ya mfuniko kama napikia kumi na mmoja. Jirani ananiambia ninunue rice cooker. Ukoko nitautoa wapi?

Nimempa kondakta wa basi la Dodoma kifurushi, kafuate Alhamisi jioni. Kuna dagaa, kuna iliki, na kile kifumbu cha bibi yako. Usikioshe kwa sabuni. Suuza kwa maji, kianike kivulini. Mbuzi ya nazi sikupi. Bado naikalia.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako