Ceska Ikianza Kurusha Maganda Mbali

Msomaji wa Nakuru ameandika kwamba bastola yake ya Ceska, aina ya CZ 75 B, siku hizi inatupa maganda mbali kuliko zamani na slaidi, sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila risasi ikipigwa, inagonga kwa kishindo. Ameshauriwa aweke springi ngumu zaidi. Asiweke.

Dalili hizo ni za springi ya slaidi, ile inayokaa chini ya mtutu, kuchoka. Ikilegea, chuma hugonga chuma, na anayelipa ni pini ya kizuia slaidi (kile kinachoishikilia slaidi ikiwa wazi), kipande kinachojulikana kwa kupasuka kwenye Ceska. Springi ngumu kupita kiasi nayo hainusuru: slaidi haifiki nyuma kabisa, ganda linanaswa mlangoni. Nunua yenye nguvu ya kiwandani. Wengi hubadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Urefu peke yake usikudanganye, maana hata springi mpya hufupika kidogo baada ya risasi za mwanzo.

Ukibadilisha springi, toa magazini kwanza. Vuta slaidi, tazama chemba, kisha tia kidole uhakikishe. Risasi zikae chumba kingine. Vaa miwani, kwani springi huruka. Vuta slaidi kidogo hadi alama mbili ndogo za nyuma, moja ya slaidi na nyingine ya fremu, zikae mkabala, halafu sukuma pini ya kizuia slaidi kutoka kulia kwenda kushoto. Ikikataa, kitako cha magazini kinatosha kuigonga. Slaidi inatokea mbele. Ukirudisha, hakikisha kichwa cha kiongozi cha springi, fimbo inayopita ndani yake, kimekaa sawa kwenye mtutu, la sivyo pini haitapita.

Risasi ya mwisho ikipita na slaidi isibaki wazi, shuku springi ya magazini.

Mafuta yawe machache: vumbi la Nakuru la kiangazi likishika mafuta linasaga chuma. Kisumu adui ni unyevu, kwa hiyo usilaze bastola kwenye pochi ya ngozi.

Usifyatue chemba ikiwa tupu bila risasi bandia, kwani kwenye CZ 75 B kipini kinachoshikilia pini ya kufyatulia huvunjika. Sehemu za nyundo na triga, tafadhali, mwachie fundi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kosa la unywele hapo hufanya bastola ifyatuke yenyewe.

Ukifika uwanja wa shabaha, mara ya kwanza jaza risasi 2 tu. Zikitoka zote kwa mvuto mmoja wa triga, simama, irudishe kwa fundi.