Al Ain kwa ofu ya siku mbili: asubuhi fuata kivuli, mlima uweke jioni

Mkuu swali lako nimelisoma, kwamba uko Dubai, umepata ofu ya siku mbili, huna gari, mfuko siyo mnene, na jamaa mnayekaa naye chumba kimoja kakwambia Al Ain ni kijiji cha ngamia tu usipoteze nauli. Mimi nimeishi Al Ain kwa kazi miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku pwani kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu, maana hiyo kauli ya "hakuna kitu" naisikia sana na mara nyingi anayeisema alifika saa saba mchana mwezi wa nane, akashuka stendi jua likampiga za uso, akakimbilia kwenye moli la AC akakaa humo mpaka basi la kurudi. Sasa huyo angeona nini aisee.

Kwanza elewa kwamba watu wanaenda kule kutafuta mchanga wakati mji wenyewe uko pale kwa sababu ya maji. Al Ain iko bara kabisa, ni sehemu ya Abu Dhabi, imegusana na Buraimi ya Oman, na binadamu wamekaa hapo maelfu ya miaka kwa sababu ya maji yaliyo chini ya ardhi karibu na milima. Wazee wa zamani walichimba mifereji inayoitwa falaj, unaanzia kule maji yaliko, unapita chini kwa chini ukiwa na mteremko mdogo sana, maji yanatembea yenyewe bila pampu wala nini mpaka yanaibukia mashambani. Mingine iliyofukuliwa kwenye eneo la kale la Bidaa Bint Saud ina umri wa kama miaka 3,000. UNESCO waliingiza huo mkusanyiko wote, oasisi (mashamba ya mitende yenye maji katikati ya jangwa), makaburi ya kale na mifereji, kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa nchi nzima ya Emirates, siyo minara ya Dubai.

Kwa hiyo siku ya kwanza usihangaike na kitu kingine, nenda Al Ain Oasis asubuhi. Ni bure. Kutoka stendi kuu siyo mbali, teksi ni dakika chache na kama ni msimu wa baridi hata miguu inatosha. Eneo lenyewe ni kubwa, mitende zaidi ya 147,000, na ndani kuna vijia vimesakafiwa vina kuta fupi pande zote, unatembea tu. Ukiingia unasikia joto limeshuka hapo hapo, siyo maneno ya matangazo, ni kwamba mitende ya juu inakula jua, chini yake kuna miembe na ndimu na miti mingine ya matunda, chini kabisa majani ya mifugo, halafu mferejini maji yanapita. Miembe mkuu, katikati ya jangwa! Mara ya kwanza nilisimama nikaishangaa kama mtu ambaye hajawahi kuona mwembe. Angalia vile vimlango vya kufungia na kufungulia maji kwenye mifereji, maana kila shamba lina zamu yake ya maji inayohesabiwa kwa muda, na huo mgao ndio uliowafanya watu wakae pamoja bila kuuana. Siku hizi visima vya pampu vinasaidia sana, maji ya chini yameshuka, lakini utaratibu wa mgao bado unauona.

Angalizo, yale ni mashamba ya watu. Yana wenyewe, familia, wanalima. Usiruke ukuta kuchuma tende eti ziko nyingi, na kama unaenda kipindi cha kuiva, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, ukitaka kuonja nunua sokoni, zile laini zilizoiva nusu, tofauti kabisa na zile kavu za kwenye boksi tulizozoea kufuturia.

Oasisi siyo hiyo moja tu, zipo sita zilizoingia kwenye ule urithi, kuna Hili, Jimi, Qattara, Mutaredh na Muwaiji. Ukiipenda ya kwanza nenda na Qattara au Jimi, watalii wachache, utakutana na wakulima wa Kibangladeshi na paka. Mimi kiukweli nilikuwa naipenda Jimi kuliko ile kubwa, ila kwa mtu wa siku mbili anza na kubwa.

Ukitoka oasisi upande mmoja kuna Qasr Al Ain, nyumba aliyokuwa anaishi Sheikh Zayed mpaka 1966 kabla hajawa mtawala wa Abu Dhabi na baadaye rais wa kwanza wa nchi. Pita haraka kama hupendi majumba, ila angalia jinsi vyumba na baraza zilivyopangwa kuzunguka uwanja wa ndani ili upepo upite. Kitu ambacho usikipite ni ngome ya Al Jahili, ni jirani hapo, ilijengwa miaka ya 1890, ya udongo, ina ule mnara wa duara uliopandana kama ghorofa nne. Ndani kuna maonyesho ya picha za Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyekatiza lile jangwa kubwa la Rub' al Khali kwa ngamia na Mabedui miaka ya 1940, wenyeji wakamwita Mubarak bin London. Sasa kwa sisi wa Afrika Mashariki huyu mzee tunamjua kwa upande mwingine, baadaye aliishi miaka mingi Maralal kule Kenya kwa Wasamburu. Picha zake za Mabedui ni kali sana, nyeusi na nyeupe, na ukishaziona ndiyo unaelewa hawa mabwana wenye magari makubwa babu zao walikuwa wanaishi vipi, na ni juzi tu.

Mchana kuanzia saa sita mpaka saa tisa rudi ndani. Hata serikali yenyewe kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa, sasa wewe uko matembezini unajitesa kwa faida ya nani. Halafu joto la Al Ain siyo la Dubai. Dubai unalowa jasho kwa sababu ya bahari, Al Ain ni kukavu, jasho linakauka kabla hujaliona kwa hiyo unadhani uko sawa kumbe mwili unaishiwa maji, midomo inapasuka, kichwa kinaanza kugonga. Beba maji lita mbili, kofia, na nguo ndefu nyepesi, hiyo ya kaptula na vesti mimi sikushauri kwa jua na kwa heshima pia. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Machi. Mwezi wa saba wa nane kama huna namna, toka alfajiri na jioni tu.

Jioni ndiyo Jebel Hafeet. Mlima unapita mita 1,200 kidogo, mwamba wa chokaa umesimama peke yake kwenye tambarare, na ndani ya mawe kuna mabaki ya viumbe vya baharini kwa sababu zamani sana hilo eneo lilikuwa chini ya maji. Barabara ya kupanda ni kama kilomita 12 na kona 60, ni ile ile ambayo mbio za baiskeli za UAE Tour zinamalizikia juu, yule bingwa wa baiskeli Tadej Pogačar kashinda hapo. Utawakuta waendesha baiskeli wa kawaida pia wanapanda wanahema, wape nafasi.

Shida yako ni usafiri, maana usitegemee daladala za kupanda mlimani, na ukipanda na teksi ikakushusha ikaondoka utajuta kuipata nyingine huko juu. Tafuta wenzako watatu mchange, mwambie dereva awasubiri, mita itaendelea kuhesabu kwa hiyo muulize mapema makadirio ya kwenda, kusubiri na kurudi. Msimu wa baridi jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kumi na nusu uwe umeshaanza kupanda. Juu kuna upepo, chukua sweta, usicheke, kwa sababu Januari usiku kule ni baridi ya kweli. Upande mmoja unaona taa za mji zinaanza kuwaka, upande wa pili Oman na mchanga. Kuna kasri la kifalme juu karibu na kilele, hilo usilipige picha wala usisogelee geti.

Chini ya mlima kuna Green Mubazzarah, maji ya moto yanayopitishwa kwenye mifereji, watu wanakaa pembeni wanaloweka miguu, familia zinachoma nyama kwenye nyasi. Wikiendi panajaa kweli kweli. Mkiwa na teksi ya kuchanga pitieni wakati wa kushuka, nusu saa inatosha, kwa anayefanya kazi ya kusimama siku nzima hayo maji ni dawa.

Siku ya pili amka mapema uende soko la ngamia, liko barabara ya Mezyad karibu na Bawadi Mall. Ni mnada wa Pugu ila ng'ombe ndio wamegeuka ngamia, kelele zile zile, harufu ile ile, pikapu zinashusha na kupakia. Usivae raba nyeupe. Kutakuwa na watu wanakuja juu juu wanakuvuta mkono wakuzungushe, wakupige picha na mtoto wa ngamia, mwisho wanadai pesa, wewe sema la shukran mapema ukiwa unacheka na uendelee kutembea. Ukitaka picha elewana bei kwanza. Wachungaji wengi ni Wasudani na Wapakistani, wakarimu sana ukiwasalimia vizuri.

Al Ain Zoo nina maoni tofauti na wengi. Ni bustani kubwa, ya tangu 1968, imepangiliwa vizuri, lakini Mtanzania kulipa kiingilio umwone twiga na simba hapo ni kujionea huruma, ukirudi nyumbani nenda Mikumi. Sababu moja tu ingenifanya niende, choroa wa Arabia, yule mweupe mwenye pembe ndefu nyembamba. Porini alimalizwa kwa kuwindwa, mwaka 1972 alikuwa ameshatoweka kabisa, waliobaki ni wa kufugwa, na hii bustani ni mojawapo ya sehemu zilizowazalisha mpaka wakarudishwa jangwani. Ukienda halafu ukapitia Hili Archaeological Park utawakuta tena choroa hao hao wamechongwa kwenye jiwe la mlango wa kaburi kubwa la duara la miaka 4,000 hivi iliyopita, wamesimama na watu katikati yao. Hiyo Hili ni bustani ya kawaida ya mtaa, watoto wanakimbia, wamama wamekaa na chupa za chai, na kaburi liko hapo hapo katikati.

Usafiri wa kuja, panda basi la Al Ain pale stendi ya Al Ghubaiba, Dubai, kwa kadi yako ya nauli ya Nol, ndani ya Al Ain mabasi ya mji yanatumia kadi nyingine, Hafilat. Mabasi ya mji ni nafuu lakini yanazunguka sana, mji umesambaa, majengo mafupi, vipilefti kila mahali, kwa hiyo usipange vitu vitano kwa asubuhi moja. Ijumaa mchana sehemu nyingi zinafungwa kwa ajili ya swala, na majumba ya kumbukumbu huwa na siku ya kufunga, angalia mtandaoni kabla hujatoka.

Na mtu asikudanganye mkatize Buraimi mara moja mkale halafu mrudi. Zamani watu walikuwa wanapita tu, siku hizi ni mpaka kamili na uzio, unagongewa muhuri wa kutoka, unahitaji viza ya Oman, na kwa sisi wenye makazi ya kazi hiyo siyo safari ya kubahatisha siku ya ofu.